Maumivu ya Mgongo na Viti Vibaya Ofisini: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi wa Dodoma

Kuanzia Aprili, Bunge la Bajeti linapoanza vikao vyake jijini Dodoma, hadi mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, taa za ofisi nyingi katika Mji wa Serikali Mtumba na katikati ya jiji huwaka mpaka usiku. Wachumi, wahasibu, maofisa ununuzi na makatibu muhtasi hukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na ni katika miezi hiyo wengi wao huanza kushika kiuno kila wanapoinuka. Kazi ambazo zamani zilimlazimu mtu kubeba jalada kutoka masijala hadi kwa mkuu wa idara, au kupeleka hati ya malipo kwa miguu kutoka jengo moja hadi jingine, leo hufanyika ndani ya mifumo kama MUSE kwa malipo ya serikali na NeST kwa ununuzi wa umma, na mfanyakazi anaweza kumaliza siku nzima bila kuondoka mezani. Urahisi huo umeharakisha kazi, lakini umeunyima mgongo hatua nyingi ndogo ndogo zilizokuwa zikiulinda bila mtu kujua.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi huyo, awe wa wizara, halmashauri, benki au chuo, au awe katika duka la steshenari lenye kiti cha plastiki na meza ya mbao. Hoja ninayoisimamia ni kwamba usianze kwa kununua kiti. Anza kwa kuupima mwili wako, kisha ulazimishe kiti na meza vifuate vipimo vyako, na hata baada ya hapo usikubali kukaa muda mrefu bila kuinuka, kwa sababu hakuna kiti, kiwe cha bei gani, kinachoweza kumkinga mtu anayekaa saa nne mfululizo.

Kabla ya kugusa kiti: dalili zisizosubiri

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Sehemu kubwa ya maumivu hayo haitokani na ugonjwa mkubwa, na kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki sita. Hata hivyo, zipo dalili ambazo mtu hapaswi kuzijaribia mto wala mazoezi. Ukipata ganzi kuzunguka sehemu za siri na kati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu ukipungua nguvu siku hadi siku, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa inaweza kudhurika kabisa ndani ya muda mfupi.

Homa za mara kwa mara, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata ukilala, nayo yanahitaji uchunguzi wa mapema. Katika mikoa yetu ya kati jambo hili lina uzito wa pekee. Kifua kikuu huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo hata kwa mtu asiyekohoa, na ugonjwa wa brusela, ambao binadamu huupata kwa mifugo na kwa maziwa yasiyochemshwa, huweza kuleta homa pamoja na maumivu makali ya mgongo. Ikiwa unafuga, au ukienda kijijini hunywa maziwa mabichi, mweleze daktari bila kusubiri akuulize. Wanaotakiwa kumwona daktari kabla ya kujitibu ni pamoja na aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda, aliyewahi kuugua saratani, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na mtu aliyepita miaka 50 ambaye mgongo unamuuma kwa mara ya kwanza. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja watakuandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kinachotokea mgongoni unapokaa

Ukisimama wima, sehemu ya chini ya mgongo huingia ndani kidogo juu ya makalio. Mkunjo huo ndio unaogawa uzito wa kiwiliwili vizuri kati ya pingili, diski (mito laini iliyo kati ya pingili) na misuli. Ukikaa kwenye kiti cha chini mno, au kiti kirefu kisichoegemeka, nyonga huviringika kwenda nyuma, mkunjo hupotea, mgongo hujikunja kama upinde, na kano za nyuma hubaki zimevutwa kwa muda wote utakaokaa hivyo. Diski za mtu mzima hazina mishipa yao ya damu ya kutosha; hupokea lishe kwa kubanwa na kuachiwa, mfano wa sponji inayokamuliwa na kufyonza maji tena. Mtu asipojongea, kazi hiyo hudorora, misuli huchoka kwa kushikilia mkao mmoja, na ndiyo maana maumivu huwa makali zaidi unapoinuka kuliko ulipokuwa umekaa.

Ni muhimu pia kujua kuwa maumivu si lazima yawe ishara ya kuharibika. Wapo watu wengi wasio na maumivu yoyote ambao wakipigwa picha za MRI huonekana wana diski zilizotokeza. Mtu anayeambiwa tu kwamba “pingili zimesagika” huanza kuogopa kuinama, kutembea na hata kufanya kazi za nyumbani, na woga huo humdhoofisha mgongo kuliko picha yenyewe. Kwa maoni yangu, maneno hayo yamewalaza watu wengi kitandani bila sababu.

Hatua ya kwanza: pima mwili wako

Azima futi ya fundi cherehani, vaa viatu unavyovaa kazini, kaa kwenye kiti kigumu kilicho bapa, na umwombe mwenzako akupime. Vipimo vinavyohitajika ni vinne. Cha kwanza ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale paja linapoanzia, miguu ikiwa imekanyaga chini vizuri. Cha pili ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Cha tatu ni kutoka kwenye kiti hadi kiwiko, mkono ukiwa umeshushwa kando ya mwili na kukunjwa kwa pembe mraba. Cha nne ni kutoka kwenye kiti hadi usawa wa macho, ukiwa umekaa wima bila kujikaza. Viandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya droo, kwa kuwa utavihitaji kila utakapobadilishiwa kiti au ofisi.

Tuchukue mfano wa katibu muhtasi mwenye urefu wa kadiri ya sentimeta 155. Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akiwa na viatu, ana sentimeta 41. Makalio hadi goti 45. Kiti hadi kiwiko 23. Kiti hadi macho 70. Meza aliyopewa ina kimo cha sentimeta 75, ambacho ndicho kimo cha meza nyingi za ofisi. Ili viwiko vyake vilingane na meza, kiti kinapaswa kuwa na kimo cha sentimeta 52, yaani 75 ukitoa 23. Lakini kwa kimo hicho miguu yake itaning’inia, kwa sababu anahitaji sentimeta 41 tu. Pengo la sentimeta 11 ndilo linalomfanya asogee mbele mpaka ukingoni mwa kiti ili akanyage chini, na akishasogea hivyo, egemeo la kiti halimfai tena kitu.

Hapo ndipo utaona kwamba kiti cha mtu huyu si kibovu hata kidogo. Kinachokosekana ni kitu cha kukanyagia. Rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa takriban sentimeta 5, kwa hiyo rimu mbili ambazo hazijafunguliwa, moja juu ya nyingine, zikiwekwa sambamba na rimu nyingine mbili za namna hiyo ili miguu yote ipate nafasi, zinakaribia kuziba pengo lile. Baadaye fundi seremala anaweza kutengeneza kibao cha kudumu chenye mwinamo kidogo, na rimu zikarudi stoo.

Hatua ya pili: rekebisha kiti ulichonacho

Ukiwa na kiti cha kuzunguka, kipandishe au kishushe mpaka viwiko vilingane na meza, kisha shughulikia miguu kama tulivyoona. Sukuma makalio hadi mwisho wa kiti. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu; nafasi ikikosekana kabisa, kiti ni kirefu mno kwako na utalazimika kujaza nyuma kwa mto mgumu.

Hapa niseme wazi kuhusu vile viti vikubwa vya ngozi bandia vinavyoitwa viti vya bosi. Mtu akipandishwa cheo, jambo la kwanza analotamani ni kiti hicho, na ofisi nyingi hukinunua kama heshima. Kwa mtu mrefu mwenye mapaja marefu huenda kikafaa. Kwa wengine wengi, hasa wanawake na wanaume wafupi, ni kirefu kutoka mbele hadi nyuma, ni laini kiasi cha kumzamisha mtu, na mikono yake mipana huzuia kiti kuingia chini ya meza, hivyo mhusika huishia kuinamia kibodi kutoka mbali. Kiti cha kawaida cha kitambaa chenye egemeo linalosogea juu na chini kina manufaa makubwa zaidi, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Katika joto la Oktoba na Novemba, kitambaa pia hakimshikishi mtu jasho la mgongo.

Tatizo la kawaida la viti vya kuzunguka ni gesi kufa, ambapo kiti hushuka chenyewe kidogo kidogo mpaka mtu anajikuta mezani kidevu kikiwa karibu na kibodi. Iwapo kiti kipya hakipatikani haraka, nyanyua kiti mpaka kimo chako, pima sehemu ya chuma kinachong’aa iliyojitokeza chini yake, kisha kata kipande cha bomba la plastiki la maji chenye urefu huo, ukipasue upande mmoja na kukivisha kwenye chuma hicho. Kiti hakitashuka tena, ingawa hakitarekebishika. Jambo la kukatazwa kabisa ni kufungua, kutoboa au kuchomelea silinda yenyewe, kwa kuwa ina gesi iliyoshindiliwa na inaweza kumjeruhi vibaya mtu.

Kwa kiti cha plastiki, kazi ni ngumu zaidi lakini si ya kukata tamaa. Kikalio chake huwa kimebonyea katikati, hivyo weka kwanza kibao chembamba cha plaiwudi kilichokatwa kwa umbo la kiti, halafu juu yake sponji ngumu yenye unene wa sentimeta 4 hadi 6 iliyoshonewa kitambaa. Mafundi wa sofa huwa na vipande vya sponji vilivyobaki na hawaviuzi ghali. Chagua sponji ambayo ukiikalia haibonyei mpaka ukahisi kibao. Kuweka viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, huongeza kimo kidogo na kupunguza kuyumba, na wengi tayari hufanya hivyo. Kiti cha mbao nacho huongezewa kimo kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, mradi vifungwe kwa skrubu na si kuegeshwa tu.

Baada ya kimo, shughulikia mgongo. Kunja kanga au taulo dogo, liviringishe mpaka lipate unene wa sentimeta 8 hadi 10, lifunge kwa mpira au kamba, kisha uliweke usawa wa mkanda wa suruali au sketi, kati ya kiuno na egemeo la kiti. Siku mbili za kwanza huenda ukaona linakusukuma; punguza unene badala ya kuliondoa. Na kwa wanaume, toeni pochi, funguo na simu kwenye mfuko wa nyuma kabla ya kukaa, kwani kukalia pochi nene huinamisha nyonga upande mmoja siku nzima.

Hatua ya tatu: meza, kompyuta na mwanga

Kompyuta mpakato imeunganisha kibodi na skrini, na kwa hiyo haiwezi kumtendea mtu haki kwa saa nyingi: ukiiweka vizuri kwa mikono, shingo huinama, ukiiweka vizuri kwa macho, mabega hupanda. Suluhisho ni kuinyanyua na kuunganisha kibodi na kipanya vya pembeni. Rudi kwenye mfano wetu. Macho ya katibu muhtasi yule yapo sentimeta 122 kutoka sakafuni, yaani sentimeta 47 juu ya meza, na ukingo wa juu wa kompyuta mpakato iliyofunguliwa huwa kwenye sentimeta 22 hadi 25 hivi. Rimu nne zitaupandisha ukingo huo hadi karibu na usawa wa macho. Mwenye miwani ya sehemu mbili apunguze rimu moja au mbili, la sivyo atakuwa anainua kidevu ili asome. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na kama maandishi hayasomeki, kuza maandishi badala ya kusogeza uso.

Kipanya kikae kando ya kibodi na si ng’ambo ya majalada. Simu ya mkononi usiibane kati ya sikio na bega. Jua la Dodoma ni kali na madirisha ya majengo mapya ni makubwa, kwa hiyo geuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Mwanga ukitoka nyuma yako huakisi kwenye skrini, na mtu huinama bila kujijua akitafuta pembe ya kuona.

Meza ya mbao iliyo ndefu mno inaweza kukatwa miguu kwa sentimeta chache, na kwa ofisi binafsi hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kwa mali ya serikali usikate wala kutoboa chochote bila kibali cha anayesimamia mali za ofisi, maana samani hizo zimesajiliwa na mkaguzi ataziulizia.

Hatua ya nne: inuka

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, ifuate hii. Kila baada ya dakika 30 simama kwa dakika moja au mbili. Weka viganja kiunoni, egemea nyuma taratibu mara tano, tembea hadi mlangoni na kurudi. Tega simu itetemeke mfukoni, kwa kuwa mwenye kazi nyingi hasikii mgongo wake mpaka jioni. Fanya mambo mengine yakusaidie: simama unapopokea simu, peleka dokezo mwenyewe badala ya kumtuma mhudumu, tumia glasi ndogo ya maji ili ulazimike kwenda kujaza, na chapa nyaraka kwenye mashine ya chumba cha pili.

Ugumu mkubwa uko vikaoni. Katika utaratibu wetu, mtu kusimama mbele ya wakubwa huku kikao kikiendelea huonekana utovu wa adabu, na wengi huvumilia maumivu saa tatu mpaka wanashindwa kuinuka. Njia ya heshima ni kumtaarifu mwenyekiti kabla ya kikao kuanza, au katibu wake, kwamba mgongo una shida na utaomba kusimama nyuma ya chumba mara moja moja. Sijaona mwenyekiti mwenye busara akikataa ombi la namna hiyo lililotolewa mapema. Ukiwa wewe ndiye mwenyekiti, tangaza mapumziko mafupi kila baada ya saa moja. Utawasaidia hata wale wasiothubutu kusema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mapumziko hayo yasiishie kwenye kiti kingine cha kantini. Kula, kisha tembea kwa dakika kumi au kumi na tano, na jua likiwa kali tumia ukumbi au upande wa kivuli wa jengo.

Kuhusu kunyanyua vitu: boksi la rimu tano za A4 lina uzito wa takriban kilo 12.5. Karani wa masijala au mhudumu anayebeba maboksi mawili kwa pamoja baada ya kukaa muda mrefu anauweka mgongo wake katika hatari isiyo ya lazima. Tembea kidogo kwanza, beba boksi moja moja, likumbatie karibu na tumbo, na geuka kwa miguu badala ya kupinda kiuno.

Hatua ya tano: imarisha mgongo nyumbani

Mazoezi yafuatayo huchukua kama robo saa, na hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mkeka. Lala chali, kunja magoti, kisha inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, shikilia kwa kuhesabu hadi tano na kushusha. Rudia mara kumi. Kisha piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kuyumbisha kiuno, halafu badilisha. Mara nane kila upande. Malizia kwa kupiga goti moja chini huku mguu mwingine ukiwa mbele, na kusukuma nyonga mbele polepole mpaka uhisi mvuto juu ya paja la nyuma, kwa sababu misuli hiyo ndiyo hufupika kwa kukaa. Kaa hivyo kwa sekunde 30 kila upande.

Ongeza kutembea, asubuhi kabla ya jua kupanda au jioni. Dodoma ni jiji lenye nafasi, na barabara za mitaa kama Area D na Kisasa, pamoja na bustani ya Chinangali, zinamtosha mtu kutembea nusu saa bila gharama. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanayotulia kufikia kesho yake si ya kuogopesha. Maumivu yanayoteremka chini ya goti, au ganzi inayoongezeka, ni ishara ya kusimamisha zoezi hilo na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Usitegemee mabadiliko makubwa kabla ya wiki sita hadi nane, na usiache mara tu maumivu yanapoisha.

Siku maumivu yanapozidi

Usilale kitandani siku nzima. Imeshathibitika kwamba kulala kwa muda mrefu huchelewesha kupona. Pumzika saa chache kwa mkao unaokupa nafuu, mara nyingi chali ukiwa na mto chini ya magoti, au ubavu ukiwa na mto kati ya magoti, kisha anza kutembea ndani ya nyumba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa kiunoni kwa dakika 15 hadi 20, hulegeza misuli, na inafaa sana katika asubuhi za baridi za Juni na Julai.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa siku chache, lakini hununuliwa dukani kwa wepesi usiostahili. Zina hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mjamzito hapaswi kuzitumia bila daktari. Muulize mfamasia, zitumie pamoja na chakula, na usizifanye dawa za kila siku. Mikanda ya mgongo inayouzwa mitaani haimo katika tiba zinazopendekezwa na mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kwa maumivu sugu ya mgongo. Mwongozo huo unaweka mbele elimu, mazoezi na tiba kwa mikono. Fedha ya mkanda ni heri ikalipie miadi ya fiziotherapia.

Safari za kikazi zisisahaulike. Kwenye gari, iwe ni kwenda Singida au Kondoa, omba kusimama kila baada ya saa mbili na ubebe kanga yako ya kuegemea. Kwa safari ya Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inamfaa zaidi mwenye maumivu, kwa kuwa anaweza kuinuka na kutembea behewani.

Hatua ya sita: mwandikie mwajiri

Marekebisho ya rimu na kanga ni ya kuvusha muda. Wajibu wa mahali salama pa kazi ni wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, na mfanyakazi ana haki ya kuukumbusha wajibu huo kwa lugha ya staha. Kulalamika kwenye korido hakuachi kumbukumbu. Andika dokezo sabili, yaani barua fupi ya ndani ya ofisi, kwa mkuu wako wa idara, nakala kwa afisa utumishi, na uliweke fupi na lenye vipimo. Mfano wake ni huu:

“Kwa heshima, naomba kutoa taarifa kuwa kiti ninachotumia hakirekebishiki kimo, na kiko chini kwa sentimeta 7 kulinganisha na meza yangu. Nimekuwa na maumivu ya mgongo, na daktari amenishauri kurekebisha mkao wa kazi, cheti kimeambatishwa. Naomba kupatiwa kiti kinachorekebishika kimo na egemeo, kibao cha kukanyagia, na kibodi ya pembeni. Wakati ununuzi ukisubiriwa, naomba kibali cha kubadilishana kiti na kile kisichotumika katika chumba cha mikutano.”

Ombi la mwisho ndilo linalokubaliwa upesi, kwa sababu halihitaji fungu la bajeti. Kwa kiti kipya, peleka maombi mapema, wakati idara zinapoandaa mpango wa manunuzi wa mwaka ujao, na utaje vipimo unavyotaka badala ya kuandika “kiti cha ofisi” peke yake: kimo kinachorekebishika kati ya sentimeta 40 na 52, kina cha kikalio kisichozidi 41, egemeo linalopanda na kushuka. Bila maelezo hayo italetwa shehena ya viti vya bosi vinavyofanana. Wakiwa watu watano wenye shida moja, waandike pamoja au wapitie chama chao cha wafanyakazi, kama TUGHE.

Ukilazimika kupumzika kwa ushauri wa daktari, ile Sheria ya Ajira inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Na daktari akithibitisha kwamba tatizo limetokana na kazi, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwa hiyo tunza nyumbani nakala ya dokezo lenye mhuri wa kupokelewa, vyeti vya hospitali, karatasi ya vipimo vyako, na picha ya kiti pamoja na meza kama vilivyokuwa siku ulipoandika.